Mke wa Jumapili

Luteni Mbonea aliingia na pongezi tayari mdomoni, na Nyamizi alipomwona tu pale mlangoni, alisimama na mwiko mkononi. Katika kota za Mtakayo, afisa ustawi haji mchana wa katikati ya wiki kunywa chai. Huja na bendera iliyokunjwa, au huja na tabasamu, na wanawake wa kota walikuwa hawajaamua kipi kibaya zaidi.

"Hongera sana, mama Kalunde! Ombi lenu limepita."

"Karibu ukae, afande. Ombi gani?"

"La kumfuata Sajini Luhende. Wewe na mtoto. Meli ya familia inang'oa nanga wiki ijayo." Luteni alikaa, akavua kofia yake ya kijeshi, akaiweka gotini. Alikuwa binti wa Kipare, mpole, bado mgeni kazini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayependa kuleta habari njema. "Wengine wanaomba miaka minne bila kujibiwa. Nyinyi mmepita mara moja."

"Afande, mimi sijaomba kitu. Na tumfuate ya nini? Si zamu yake inaisha baada ya kipupwe? Anarudi."

Tabasamu la Luteni likapungua kidogo. "Sajini ameongeza zamu ya pili. Miaka saba mingine. Hakukwambia Ijumaa?"

Nyamizi aliuona mwiko alioushika unadondosha mchuzi sakafuni, tone baada ya tone, na hakuuondoa.

Sajini Luhende alikuwa Marumaru, kisiwa kilicho kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo Jeshi la Shirikisho lilivizia milima ya barafu inayoelea, likaitia lijamu kama punda, na kuikokota mpaka kwenye nchi zilizosahau mvua. Milima ile ilikuwa na wezi wake, na wezi walikuwa na mizinga. Ndiyo maana ya askari. Anayekwenda Marumaru hatoki mpaka zamu yake iishe, awe askari, awe mke, awe mtoto anyonyaye. Luhende aliondoka Kalunde akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Sasa Kalunde alikuwa anaruka kamba na kusoma magazeti kwa sauti.

"Uliomba kwa mdomo wako mwenyewe," Luteni alisema taratibu. "Jumapili. Sikiliza." Akagusa kifungo cha kola yake.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Nyamizi. Ilikuwa yake mpaka ule mcheko mdogo wa puani ambao mama yake alimkataza tangu utotoni akashindwa kuuacha. *Nataka tuje. Mwanangu asilelewe na kiti. Andikeni hivyo, nimesema mimi Nyamizi.*

Nyamizi aliikumbuka Jumapili ile vizuri. Alikuwa uani kwa jirani yake Bi Mwantumu, anakoroga sufuria la pilau ya harusi, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Kofia yake ya kwendea Marumaru ilikuwa nyumbani, imetundikwa msumarini.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni mwigo wangu."

"Kisheria neno la mwigo ni neno la mwenyewe, mama Kalunde. Ulitia dole gumba siku ulipopewa kofia." Luteni alisimama, akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana raha. "Lakini safari ni ya hiari. Nitarudi Jumatatu unipe jibu."

*

Kila askari wa ng'ambo alikuwa na mwigo wake nyumbani: mwili wa mpira laini juu ya mifupa ya fimbo nyepesi, uliofinyangwa kwa sura yake, umekaa kitini pembeni mwa sebule. Ijumaa alasiri askari huko aliko alivaa kofia yenye sindano za mwanga, akauingia mwigo, akawa yuko nyumbani kwa saa kadhaa. Akaongea, akacheza na watoto, akakosoa chumvi ya mchuzi asioweza kuuonja. Na huko Marumaru kila askari alipewa mwigo wa mkewe, ili Jumapili mke naye avae kofia, aende akamtazame mumewe. Ijumaa kuja, Jumapili kwenda. Ndivyo ndoa za kota zilivyoishi.

Sasa, mawimbi ya angani hukatika. Basi mafundi waliupa mwigo uwezo wa kujazia. Mwenyewe akikosekana, mwigo huendelea peke yake kwa yale uliyojifunza kwake, na aliye mbele yake hatambui. Mwanzoni kulikuwa na taa ya kuonyesha, ikaondolewa, kwa sababu taa ikiwaka tu watoto walikuwa wanalia.

Lakini kuna jingine waliloliondoa. Miaka ya mwanzo, mwigo wa koplo mmoja ulijazia vibaya, ukamtukana mama mkwe wake mbele ya wageni, tena tusi lenye picha. Mama wa watu alilala kitandani mwezi mzima kwa aibu, ukoo ukaandamana mpaka getini kwa mkuu wa kambi. Amri ikatoka: matusi yote yafutwe kwenye miigo, lisibaki hata la kusingizia. Mafundi wakafuta. Kwa kuwa mashine haijui tusi la ugomvi na tusi la mtani, yakaenda yote. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, maana nani angekwenda kulalamika jeshini kwamba mume wake hamtukani mtu tena?

*

Ijumaa alasiri kifua cha mwigo kilianza kupanda na kushuka chini ya kitenge walichoufunikia. Kazi ya kuufunua ilikuwa ya Kalunde, na hakumwachia mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Kalunde alikaa mapajani, akaanza kusimulia ugomvi wa darasani. Mwigo ulisikiliza, kichwa upande, mkono wa mpira unamchezea nywele. Nyamizi aliwatazama akiwa amesimama. Mtoto hakumjua baba mwingine zaidi ya huyu.

"Umeongeza zamu," Nyamizi alisema.

"Jeshi linanihitaji, mke wangu. Nisamehe kama nimekuumiza."

"Sisi tuje au tusije?"

"Utakaloamua wewe, mimi nimeliridhia."

Nyamizi alikaa chini polepole. Luhende yule wa kwanza, yule wa nyama, aliwahi kubishana naye siku mbili nzima juu ya mahali pa kufunga kamba ya kuanikia nguo. Na aliposhindwa alikwenda kufunga kamba yake peke yake, akaanika soksi moja, basi tu. Ni lini mara ya mwisho huyu kubisha? Alijaribu kukumbuka, asipate. Aliwahi kuwaambia wenzake bombani kwamba jeshi limemlainisha mumewe, akajivuna. Wakamwonea wivu.

Alitoka uani akaita juu ya ua. "Bi Mwantumu! Hebu njoo umsalimie mtani wako."

"Nani? Mimi siongei na mpira," ilijibu sauti kutoka upande wa pili.

"Bibi, nakuomba."

Kulikuwa na kitu katika ile nakuomba, maana Bi Mwantumu alikuja mara moja, unga bado mikononi. Alikuwa mjane wa koplo, Mzaramo wa kuzaliwa Kisarawe, kapindwa mgongo na miaka lakini ulimi umenyooka. Luhende, kama Mnyamwezi yeyote, alikuwa mtani wake, na walipokaa majirani walitukanana kila asubuhi kabla ya kusalimiana. Bi Mwantumu alisimama mbele ya kiti, mikono kiunoni.

"We mpagazi! Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani akalipwa kaniki. Wewe umekwenda kubeba barafu, na hiyo kaniki yenyewe hatujaiona. Miguu kama michi ya kinu, akili umeacha Tabora!"

Mwigo ulimtazama. Macho yake yalikuwa na upole mwingi.

"Samahani sana, mama," ulisema. "Kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe."

Bi Mwantumu alishusha mikono. Kwa muda alionekana mzee kweli.

"Nyamizi, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Siku anaondoka Luhende aliniambia nini pale getini?"

"Kwamba ukifa atacheza ngoma juu ya jeneza lako mpaka libonyee."

"Nilifurahi wiki nzima. Sasa huyu ananiomba radhi. Mtani gani anaomba radhi?"

Akaenda ukutani, akatungua bereti ya zamani ya Luhende, akaivaa upande. Akajifunga khanga kiunoni. Kisha akatembea, na Nyamizi akaziba mdomo. Alitangulizia bega la kushoto kama mtu anayesukuma mlango mzito. Alipiga chafya, akalaani vumbi la pwani, akaapa kwamba Tabora hakuna vumbi kabisa, vumbi la Tabora linajua adabu. Akanyanyua kikombe kisichokuwepo, akanywa, akakunja uso. "Hii ndiyo chai? Hii ni maji ya kuoshea mwiko! Wazaramo nyie, majani ya chai mnaogopa yatawauma?"

Alikuwa Luhende, bega, chafya na kila kitu. Luhende alikuwa amesimama katikati ya sebule kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nyamizi alicheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi, halafu akakumbuka ni lini mtani huvaa nguo za mtu na kumwigiza mbele ya jamaa zake. Ni msibani. Hufanya hivyo ili waliofiwa wacheke.

"Vua!" alipiga kelele. "Bi Mwantumu, vua hiyo!"

Mama yule alivua bereti, akaishika kwa mikono miwili. "Sijasema amekufa," alisema. "Nimesema hapa hayupo."

"Baba haongei hivyo," Kalunde alisema kutoka mapajani, amekasirika. "Baba hasemi maneno mabaya."

Nyamizi alimtazama mtoto, kisha akatazama juu ya kichwa cha mtoto. Mwigo ulikuwa unamkazia macho Bi Mwantumu, na midomo yake ilikuwa inatikisika bila sauti. Nyamizi aliisoma. *Maji ya kuoshea mwiko. Maji ya kuoshea mwiko.*

*

Jumapili mchana alitungua kofia msumarini. Ilikuwa na utando wa buibui ndani. Aliufuta kwa kidole, na aibu ikampanda, maana alijua utando haufumwi kwa Jumapili moja. Mara ya kwanza hakwenda kwa sababu ya harusi nyingine, ya zamani. Mara ya pili mafua. Baada ya hapo hakuwa na sababu. Kofia ilikuwa inambana, na huko hakukuwa na jipya, na mwigo wake ungejazia. Ndivyo wote walivyofanya. Hakuna mke wa kota aliyelisema kwa sauti.

"Kaa hapa ubavuni," alimwambia Bi Mwantumu. "Nikikawia, nivue."

"Nikuvue kofia au nikuvue roho?"

"Usinichekeshe, bibi."

Akaivaa.

Mwanga mweupe ulimpiga. Marumaru, majira yale, jua halijui kutua. Huzunguka ukingoni mwa mbingu kama mtu aliyepoteza kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha. Hakuna harufu, mwigo hauna pua ya kweli. Alitazama mikono yake: mikono ya mwanamke wa miaka saba iliyopita, bila kovu la mafuta ya moto kwenye kiganja. Mikono ile ilikuwa imeshika sindano. Mapajani palikuwa na kigauni kinachokaribia kumalizika.

Luhende alikuwa mezani, anakula ugali, mgongo nusu umemgeukia. Alikuwa hai, hai kabisa, amenenepa shingoni, mvi zimemwingia pembeni. Nyamizi alitaka kulia, lakini macho yale hayakuwa na machozi.

"Umemaliza kushona?" Luhende aliuliza bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea. "Pumzika basi. Leo usinisomee chochote, nimechoka. Kaa tu." Akatafuna. "Unajua, wewe ni mke mzuri. Hunigombezi."

Luhende alimega tonge jingine.

"Yule wa kule hatakuja leo. Siku hizi haji. Na mimi Ijumaa siendi, kwa hiyo tuko sawa. Kila mtu na amani yake."

Ndipo Nyamizi alipofungua mdomo wake wa mpira.

"Bi Mwantumu anakusalimu," alisema. "Anasema we mpagazi, miguu kama michi ya kinu, kaniki yake hajaiona. Na mimi nasema shingo umenenepa kama fahali wa mahari, na soksi yako moja bado iko kwenye kamba."

Bakuli lilianguka. Luhende aligeuka polepole, polepole sana, jinsi mtu anavyogeuka akisikia pumzi nyuma yake katika chumba alichojua ni kitupu.

"Nyamizi?"

"Ulidhani nani?"

"Tangu lini... tangu lini uko humo?"

"Tangu niliposikia mimi ni mke mzuri."

Luhende alifunika uso kwa viganja. Alipoongea tena, maneno yalitoka kati ya vidole. "Nilikuwa nakuja, mke wangu. Miaka ya kwanza nilikuja kila Ijumaa. Mtoto ananikumbatia na mimi sisikii kitu. Mpira hausikii. Namwona ananibana shingo, sisikii hata joto lake. Halafu kuaga. Kila wiki kuaga upya. Ijumaa moja nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka mwigo ulikuwa umejazia mpaka mwisho, umeaga, na hamkujua. Nikasema, kama hawajui, basi."

Nyamizi alitafuta neno la kumchoma nalo, akalipata, akaliacha. "Na mimi kofia yangu ina buibui," alisema.

Wakatazamana. Nje, mlima wa barafu ulipasuka mahali fulani kwa mlio kama wa bunduki.

"Kwa hiyo ndiyo maana umeongeza zamu."

"Nilijiuliza narudi kwa nani. Huku kuna huyu..." Alimnyooshea kidole kifuani, akakumbuka nani yumo ndani, kidole kikashuka.

"Huyu ndiye aliyeomba tuje?"

"Nilimkataza!" Luhende alisogea karibu, sauti imeshuka, kana kwamba wako watu wa kuwasikia. "Wallahi nilimkataza. Mimi sikutaka mtoto aje kuona haya. Anasema anamtaka mwanawe. Angalia pale."

Pembeni mwa chumba palikuwa na kitanda kidogo cha mbao za makreti, kimetandikwa, na shuka limekunjwa pembe moja, vilevile Nyamizi alivyomkunjia Kalunde kila jioni. Juu ya mto palikuwa na magauni. La mtoto wa mwaka mmoja. La miaka miwili. La mitatu. Kila moja limepishana na la kabla yake kwa upana wa vidole vinne, kadiri mtoto anavyotarajiwa kukua.

"Nani kamfundisha?"

"Mimi siyo," Luhende alisema. "Anafanya unavyofanya wewe. Ana yako yote, isipokuwa hasira."

Nyamizi alikielewa kigauni kilichokuwa mapajani mwake. Aliufundisha yeye mwigo huu, zile Jumapili za mwanzo alipokuwa anakuja na kumzungumzia Kalunde tu, meno ya Kalunde, homa ya Kalunde. Kisha akaacha kuja. Ukabaki hapa na upendo wa mtoto usio na mtoto, unashona.

Akataka kuinuka. Vidole havikuiachia sindano.

"Mlete," mdomo wake ulisema.

Hakuwa amesema yeye. Ulimi ulijigeuza ndani ya kinywa kama samaki kiganjani, na sauti ilikuwa yake, na mcheko wa puani ulikuwa wake.

"Mlete kwangu. Mimi sichoki. Wewe Jumapili unachoka. Mimi nimekaa na mumeo zile Jumapili zote ulizochoka, sijalalamika. Nipe mtoto tu."

"Nyamizi?" Luhende alirudi nyuma hatua. "Ni nani anasema?"

"Ni mimi," mdomo ulisema.

"Siyo mimi!" Nyamizi alilazimisha. "Luhende, rudi nyumbani! Vunja zamu, rudi kwa miguu yako—"

"Usirudi," mdomo ukamalizia, kwa pumzi ileile. "Tunakuja."

Luhende alikuwa anautazama mdomo ule mmoja, macho yanahangaika, kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta. Hakujua ni yupi anayesema. Nyamizi aliona kwamba hajui. Alijaribu kuinua mikono yake ya nyama, kule mbali Mtakayo, aivue kofia, na mikono ikawa mizito kama ya mtu anayeota. Sindano ilichoma kigauni, ikatoka, ikachoma tena.

Halafu joto, moshi wa jirani, na sakafu chini ya makalio yake. Bi Mwantumu alikuwa amesimama juu yake, kofia mkononi, nyuzi zake zinaning'inia.

"Ulikuwa unashona hewani," alisema.

*

Jumatatu Luteni Mbonea alikuta chai tayari na jibu tayari.

"Hatuendi, afande."

"Mama Kalunde." Luteni alishusha pumzi. "Jana jioni umethibitisha tena."

"Jana jioni nilikuwa namwosha mtoto nywele."

Luteni aligusa kola. *Tunakuja, we mpagazi mkubwa,* ilisema sauti ya Nyamizi, imejaa kicheko. *Shingo kama fahali wa mahari! Mwambie na yule Luteni aache kubembeleza watu, atutafutie chumba karibu na dirisha.*

Bi Mwantumu, aliyekuwa anachambua mchele kizingitini, aliinua kichwa akamtazama Nyamizi, na kwa kitambo kifupi kama kupepesa jicho, Nyamizi aliona shaka ndani ya macho ya jirani yake. Mwigo umejifunza. Kwa ziara moja ya hasira umechukua hata hiyo.

"Niambie wewe," Luteni alisema, na hakuwa anatega. Alikuwa anauliza kweli. "Wawili mna sauti moja na dole gumba moja. Mmoja anasema ndiyo, mmoja hapana. Nimsikilize yupi?"

"Msikilize mwenye miguu. Huyo anayesema tunakuja, mwambie aje anichukue."

"Sheria haisemi miguu, mama."

Nyamizi alimtazama Kalunde, ambaye alikuwa kapiga magoti kando ya kiti cha mwigo, anaunyoosha mkunjo wa kitenge. Akipelekwa, atapata baba wa nyama asiyemjua na mama wa mpira asiyechoka, na siku moja hataona tofauti. Akibaki, atakuwa na hiki kiti. Alikwenda akamshika mkono, akamwinua, akamleta mpaka kizingitini. Akauweka mkono wa mwanawe katika mkono wenye unga wa mchele.

"Mtani," alisema. "Teka."

Bi Mwantumu alichelewa kidogo tu kuelewa. Kisha ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika, na yeye akasimama wima kuliko mgongo wake ulivyoruhusu.

"Nimeteka!" alipaza sauti, kota nzima isikie. "Mtoto wa mpagazi nimemkamata mimi Mwantumu wa Kisarawe! Hatoki kwangu, hapandi meli wala ndege! Mpagazi akimtaka mwanawe aje mwenyewe kumkomboa, kwa miguu yake, kama babu zake walivyokuja. Na aje na kaniki yangu!"

"Mpelekee Luhende na hiyo," Nyamizi alimwambia Luteni, akionyesha kola. "Yote kama ilivyo."

Luteni alitazama mchele uliotawanyika. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, akacheka, kicheko cha nyumbani kwao. "Kwetu Upareni," alisema, "mtani wa Kichaga akishika mbuzi wako, hata mkuu wa wilaya hamgusi. Sijui nitawaandikia nini wakubwa." Akagusa kifungo. "Lakini nitaandika mtoto ametekwa."

Akaondoka. Nyamizi aliokota mchele, punje kwa punje, ili mikono iwe na kazi. Hakujua Luhende angesikia nini huko, wala angemsikia nani, wala kama angefunga mizigo au angegeukia dirisha lake jeupe. Alijua mtoto yuko hapa.

Ndipo kitu kilipopumua pembeni mwa sebule.

Ilikuwa Jumatatu. Mwigo hauamki Jumatatu. Chini ya kitenge kifua kilipanda, kikashuka, na sauti ya Luhende ikatoka, nzito, imejaa utani wa zamani.

"We Mzaramo mwizi! Nikikuachia mtoto wangu utamlisha chai ya maji ya kuoshea mwiko!"

Bi Mwantumu alifungua kinywa ajibu, kwa mazoea ya miaka, akakifunga.

"Ni baba?" Kalunde alinong'ona. "Mama, huyu ni baba yupi?"

"Sijui, mwanangu." Nyamizi alisimama. Mkono wake ulikwishafika kwenye ncha ya kitenge, na alitamani kukivuta kuliko alivyowahi kutamani kitu. Akaurudisha. "Baba yako akifika utajua. Atabisha hodi pale mlangoni."

Akaenda akaondoa komeo, akauacha mlango wazi, jua la mchana likaingia mpaka katikati ya sakafu. Wakakaa watatu kizingitini, migongo wameipa sebule, wanatazama njia ya getini ambako hakukuwa na mtu.

"Hodi," kilisema kitenge nyuma yao.

Kalunde alishtuka, mdomo ukaanza kuumba lile jibu ambalo kila mtoto aliyelelewa hulitoa kabla hajafikiri. Bi Mwantumu alimbana kiganja.

"Hodi," kikasema tena, kwa upole mwingi. "Hodi humu."

Hakuna aliyesema karibu.